Nyanya zinanyauka zikiwa bado kijani: nipige dawa gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Ilula, wilaya ya Kilolo. Nimelima nusu ekari ya nyanya kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, mahali nilipovuna viazi mviringo msimu uliopita. Hii ni wiki ya pili, mche mmoja mmoja unanyauka mchana ukiwa bado kijani, na ndani ya siku tatu au nne umekufa. Mingine majani ya chini yamejikunja kwenda juu kama kikombe. Matunda ya kishada cha kwanza yana doa jeusi kitakoni. Namwagilia kwa mfereji kila baada ya siku saba au nane, na nimeweka yurea mara mbili. Nimepiga dawa ya ukungu mara nne, naona kama nimepiga maji. Dukani wameniambia niongeze kipimo. Huu ni ugonjwa gani, na nipige nini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kwanza weka bomba chini. Usiongeze kipimo, na wala usipige mara ya tano mpaka umalize kusoma hapa.

Ulichonieleza si ugonjwa mmoja. Ni mambo matatu yaliyokutana kwenye shamba moja, na kila moja lina chanzo chake. Kunyauka ni ugonjwa, tena mbaya. Doa la kitakoni si ugonjwa kabisa, ni habari ya maji na chakula cha mmea. Majani ya chini kujikunja, kwa jinsi ulivyoeleza, si jambo la kukunyima usingizi. Na katika yote matatu hakuna hata moja linalosikia dawa ya ukungu. Ndiyo maana umeona kama umepiga maji.

Nianze na kunyauka, maana hapo ndipo pesa yako inapopotea.

Kabla hujaliangalia jani, angalia shamba. Panda mahali palipoinuka kidogo, tazama miche iliyokufa imekaaje. Imetawanyika ovyo, au inafuata mfereji? Imeanzia pale maji yanapoingilia, au bondeni yanapotuama? Mnyauko wa bakteria husafiri na maji. Utaona mche mmoja umekufa, kisha wa jirani yake upande maji yanapoelekea, kisha wa tatu. Ukinieleza kwamba miche iliyokufa imejipanga kwenye mfereji mmoja au miwili, mimi nitakuwa nimeshakaribia jibu kabla ya kuona hata jani moja.

Halafu kuna hilo la viazi mviringo. Ulilitaja kama jambo la kupita, kumbe ndilo lililobeba uzito wa barua yako yote. Bakteria huyu, kwa jina la kitaalamu *Ralstonia solanacearum*, anashambulia ukoo mzima wa nyanya: viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, tumbaku, hata mnavu unaoota wenyewe kando ya shamba. Ukivuna viazi ukapanda nyanya papo hapo, umemwandalia chakula cha mchana na cha jioni. Jaribu kukumbuka: wakati wa kuvuna, hukuona viazi ambavyo ukivikata vina duara la kahawia ndani, ukiminya yanatoka majimaji meupe mazito? Kama uliviona, bakteria alikuwa shambani kabla hujasia mbegu ya nyanya.

Sasa thibitisha. Jaribio hili halihitaji maabara wala shilingi moja, na ningependa kila mkulima wa nyanya alijue.

Asubuhi, chagua mche ulioanza kunyauka jana, usiwe ule uliokwisha kukauka. Ung'oe. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, urefu wa kidole chako, kwa kisu kikali ili pasipondeke. Kifute udongo. Chukua glasi inayoonyesha ndani, jaza maji safi, subiri yatulie kabisa. Shikilia kile kipande kwa juu, au kibane na kibanio cha nguo kikae ukingoni, mradi ncha ya chini iingie majini kama upana wa vidole viwili. Weka kitambaa cheusi nyuma ya glasi. Usitikise, usikoroge. Tazama ile ncha iliyokatwa. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe unashuka polepole kutoka kwenye shina, mwembamba kama moshi wa udi ila unakwenda chini badala ya juu. Ukiacha muda, maji yote yanakuwa na ukungukungu kama yamedondokewa na maziwa. Uzi ule ndio bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, waliokuwa wameziba mishipa ya kupandishia maji. Ndiyo maana mche wako ulikuwa na kiu wakati udongo umelowa, na ulikufa kijani kwa sababu haukupata hata nafasi ya kugeuka njano.

Usipoona uzi, usikate tamaa na jaribio. Rudia kwa miche mingine miwili, kisha pasua shina kwa urefu. Kuna mnyauko wa ukungu, *Fusarium*, ambao watu huuchanganya na huu kila siku. Huo hauna haraka. Unaanza na majani ya chini kugeuka njano, mara nyingi upande mmoja tu wa mche, au hata nusu moja ya jani, na mche unaweza kusota kwa wiki kadhaa. Ukipasua shina unakuta michirizi ya kahawia chini ya ganda, lakini majini hautoi maziwa. Tofauti ya spidi peke yake inatosha kukupa mashaka: uliyoyaona wewe, ya siku tatu au nne, ni mwendo wa bakteria. Angalia pia shingo ya mche pale unapotokea ardhini. Ukikuta utando mweupe kama pamba na vijipunje vya kahawia vinavyofanana na mbegu za haradali, huo ni ukungu mwingine unaooza shina. Na mizizi ikiwa na vinundu vinundu, hao ni minyoo fundo. Hao minyoo wanafungua majeraha kwenye mizizi na bakteria anapitia mlango huohuo, kwa hiyo usishangae ukikuta vyote viwili kwenye mche mmoja.

Naomba niseme jambo lililonikaa moyoni miaka mingi. Mwaka wangu wa tatu kazini, mzee mmoja kwenye skimu ya umwagiliaji aliniita aone nitasema nini. Nyanya zake zilikuwa zinanyauka kama zako. Niliangalia majani, nikaona madoa mawili matatu ya kawaida kwenye majani ya chini, nikamwandikia dawa ya ukungu. Sikung'oa mche hata mmoja. Akapiga kama nilivyomwambia, kila wiki, kwa pesa aliyokopa. Niliporudi mwezi uliofuata, robo tatu ya shamba ilikuwa imekufa, na maji yake yalikuwa yameingia kwa jirani. Mzee hakunilaumu. Alinionyesha tu karatasi ya deni. Tangu siku ile siandiki dawa ya mche unaonyauka kabla sijauona ndani ya glasi.

Tuseme umeona uzi mweupe. Nikuambie ukweli: hakuna dawa ya kupiga itakayoponya mche ambao bakteria ameshaingia kwenye mishipa yake. Atakayekuuzia dawa hiyo anakuuzia matumaini. Kazi yako sasa ni kuokoa miche iliyobaki, na kuokoa shamba la miaka ijayo.

Ng'oa kila mche ulionyauka pamoja na udongo unaoshika mizizi, utie kwenye mfuko kabla ya kuutoa, usiuburute juu ya matuta. Upeleke mbali na maji, ufukie au uchome. Nimeona watu wanang'oa vizuri kisha wanatupa mfereji wa chini. Hiyo ni sawa na kumtumia jirani barua. Ng'oa pia mche mmoja mzima kila upande wa ule uliokufa, utauma lakini mara nyingi umeshaambukizwa. Mahali palipong'olewa usipande mwingine kuziba pengo. Funga mfereji unaopita kwenye miche iliyougua, na kama unaweza, hiyo sehemu imwagilie kwa kopo au ndoo. Palilia kwa mkono badala ya jembe, maana kila mzizi unaoukata ni mlango. Jembe, kisu na viatu vikitoka huko vioshwe udongo wote kwanza, kisha vipitishwe kwenye maji yenye jiki. Ukianza na udongo juu yake, jiki haifanyi kazi. Na kazi zako za siku anzia upande mzima, malizia upande mgonjwa.

Msimu ujao hapo pasipandwe nyanya, wala viazi mviringo, wala bilinganya, wala pilipili. Panda mahindi, au vitunguu kama wenzako wa Ruaha Mbuyuni, au kabichi. Si msimu mmoja tu. Miaka mitatu ni kiwango cha chini, na katika muda huo maotea ya nyanya na viazi pamoja na mnavu ving'olewe kila vinapoonekana, la sivyo bakteria anakaa kwenye hivyo akikusubiri. Kitalu kihamie juu ya shamba, kisiwe bondeni maji ya shamba yanapotiririkia. Kama ardhi yako ni hiyo hiyo na huna pa kwenda, ipo njia ya kubebesha: unapandikiza nyanya unayoitaka juu ya shina la chini linalohimili bakteria. World Vegetable Center, ambao kituo chao cha kanda kiko Arusha, wanapendekeza mashina ya chini kama bilinganya EG203 na nyanya Hawaii 7996. Ni kazi ya mikono na ya uvumilivu, lakini vijana wa vitalu wanaijifunza kwa siku chache.

Sasa matunda. Doa jeusi la kitakoni, yaani upande ulio mbali na kikonyo. Liguse. Kama ni kavu, limebonyea kidogo, gumu kama ngozi ya kiatu, na liko kitakoni tu, huko ni kuoza kitako kunakotokana na tunda kukosa kalsiamu. Haliambukizi. Tunda lenye doa haliwezi kuliambukiza la jirani hata yakikaa tenga moja. Ila mara nyingine ukungu mweusi huota juu ya doa baadaye, na hapo ndipo mtu anaposema ni ugonjwa.

Kalsiamu inaweza kuwepo tele ardhini na tunda likaikosa, kwa sababu inapanda na maji tu. Wewe unamwagilia leo hadi udongo unatota, kisha siku saba au nane jua la Ilula linaukausha. Siku za ukavu tunda linalokua haraka halipati kitu, na majani ndiyo yanayovuta kila tone. Ukaongeza yurea mara mbili: majani yamenenepa, yanavuta zaidi, na ile naitrojeni ya aina ya amonia inagombania njia ya kuingilia na kalsiamu. Kwa hiyo usikimbilie busta ya kalsiamu ya kupulizia majani. Kalsiamu ikishatua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda, na pesa hiyo bora ununue nyasi kavu. Mwagilia kidogo kidogo, kila baada ya siku mbili tatu kulingana na udongo wako, tandaza nyasi kwenye mashina, acha yurea. Ukihitaji kukuzia tena tumia mbolea ya CAN, kwa kiasi. Matunda yenye doa yatoe, yanakula chakula bure. Vishada vya pili na vya tatu vitakuja safi, utaona mwenyewe.

(Hapa utaona vitu viwili vinagongana: kumwagilia mara kwa mara kwa ajili ya matunda, na kuogopa maji kusambaza bakteria. Ndiyo, vinagongana. Upande wenye miche mizima, mwagilia kidogo kidogo kama nilivyosema. Upande mgonjwa, ndoo na mkono.)

Majani yaliyojikunja: je, ni ya chini, yamekuwa magumu, yakikunjwa yanaalika kama karatasi, lakini rangi yake ni kijani na ncha ya juu ya mche inaendelea kukua vizuri? Basi mche unajikinga na joto na kiu, au ulipogolea sana kwa mara moja. Unaachwa hivyo hivyo.

Cha kuogopa ni kile wakulima wanachokiita rasta. Hicho kinaanzia juu, kwenye majani machanga. Yanakuwa madogo, yanakunjamana, kingo zinageuka njano, mche unadumaa na kukaa kama kichaka, maua yanapukutika. Ni virusi, na anayevibeba ni nzi weupe. Tikisa mche asubuhi. Wakiruka wadudu wadogo weupe kama vumbi la unga, umewapata. Mche wenye rasta hauponi, ung'olewe mapema ungali mmoja. Kinga yake inaanzia kitaluni, kwa chandarua chenye matundu madogo, na kwa kutopanda karibu na shamba la nyanya zee lililoachwa.

Sasa nitakuambia ni wakati gani ile dawa uliyopiga mara nne ingekuwa ya haki, kwa sababu sitaki uichukie. Ni bakajani, ugonjwa wa ukungu unaoshika majani. Bakajani tangulia linaanza na majani makongwe ya chini: madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kama ukitazama kisiki kilichokatwa, na umanjano pembeni. Linakwenda pole pole, na ukitoa majani ya chini na kupiga dawa ya kinga mapema unalidhibiti. Bakajani chelewa ndilo linalotisha. Linakuja na baridi na unyevu, ukungu wa asubuhi usiopanda mpaka saa nne. Nenda shambani jua halijachomoza vizuri, geuza jani lenye doa la kijivu lililo kama limemwagiwa maji ya moto. Chini yake, kwenye ukingo wa doa, utaona unyoya mweupe mwembamba. Jua likipanda unapotea, ndiyo maana anayekwenda shambani mchana hauoni. Shina linakuwa na mabaka meusi, na tunda linapata bato la kahawia, gumu, kama lina mafuta, mara nyingi kuanzia begani na si kitakoni. Hilo likipata wiki moja ya unyevu linaweza kumaliza shamba zima. Ni ugonjwa huo huo uliofuta viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Mankozebu, dawa ya kinga, inalinda jani ambalo halijashikwa, haifufui lililokufa. Dawa zenye metalaksili zinaingia ndani ya mmea, lakini ukizitumia hizo hizo mfululizo unamfundisha ukungu kuzizoea, na kuongeza kipimo kunakuachia sumu kwenye tunda na gharama kwenye daftari. Fuata kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama zilivyoandikwa kwenye lebo.

Vitu vingine vitatu, kwa haraka, usije ukavifananisha na ugonjwa. Mabaka meupe kwenye jani kama karatasi iliyobanduliwa, ukiliinua kwenye mwanga unaona kijifunza na vinyesi vyeusi ndani: huyo ni kantangaze, mdudu aliyeingia kwetu mwaka 2014, na dawa ya ukungu haimgusi. Majani yenye vidoa vidogo sana vya njano, yakawa kama shaba, na utando mwembamba kama wa buibui kwenye ncha: utitiri mwekundu, hupenda kiangazi na vumbi la barabara. Na majani machanga yakiwa membamba, marefu, yamesokotana kama uzi, jiulize kwanza kama bomba lile lile lilitumika kupiga dawa ya magugu ya 2,4-D kwenye mahindi. Kuliosha mara moja hakutoshi. Tenga bomba la magugu peke yake, liandike kwa rangi.

Ukifanya jaribio la glasi ukabaki na shaka, peleka sampuli kwa wanaoweza kupima: Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, ambacho kwako ni kushuka barabara kuu tu, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Usipeleke jani moja kwenye mfuko wa nailoni wenye maji. Litafika limeoza na mtaalamu ataona uozo tu. Chimba mche mzima ulioanza kunyauka, uwe na mizizi na udongo wake, funga mizizi peke yake kwenye mfuko ili udongo usiguse majani, kisha zungushia gazeti kavu. Ongeza mche mmoja mzima wa kulinganisha, kwenye mfuko tofauti. Andika kwenye karatasi: ulipanda nini kabla, ulipanda nyanya lini, mche wa kwanza ulinyauka tarehe ngapi, unamwagiliaje, umepiga dawa gani na mara ngapi. Sampuli isafiri siku hiyo hiyo, tena mapema katika wiki ili isilale Jumamosi na Jumapili kwenye ofisi iliyofungwa.

Fanya la glasi kesho asubuhi kabla ya kufungulia maji. Kisha niandikie uliona nini, na unichoree ramani ya shamba: mfereji unaingilia wapi, na kila mche uliokufa uweke alama ya msalaba.